Hochdorf, Stuttgart, Vix au Glauberg: ukaone wapi makaburi ya Wakelti?

Ukiwa Ujerumani, Ufaransa au Austria na ukauliza ni wapi pa kuona jinsi Wakelti wa kale walivyowazika wakubwa wao, utatajiwa makumbusho mengi, na yote hujinadi kwa maneno yale yale: mtawala, hazina, dhahabu, miaka elfu mbili na mia tano. Ukisoma vipeperushi peke yake utadhani ukienda popote utaona kitu kilekile, kwa hiyo uchague palipo karibu na kituo cha treni. Hapo ndipo watu wengi hujikuta wamesafiri nusu siku kwenda kuona nakala wakati walitaka dhahabu yenyewe, au wamesimama mbele ya dhahabu yenyewe bila kuelewa ilikuwa inafanya nini kaburini.

Mimi nayagawa makumbusho haya mafungu mawili kabla ya kitu kingine chochote. Kuna yenye vitu halisi, na kuna yenye kaburi. Ni nadra mambo hayo mawili kukaa chini ya paa moja. Kitu halisi ni kikombe, mkufu, gari, kimelazwa kwenye kioo na taa yake. Kaburi ni tendo: nani alilazwa wapi, kichwa kikielekea wapi, nini kilitundikwa ukutani, nani alitarajiwa kula na marehemu huko aendako. Ukijua unalitaka lipi, uchaguzi unakuwa mwepesi.

Wakelti wenyewe hawakutuachia vitabu vya kujieleza. Jina lao tunalo kutoka kwa Wagiriki. Herodoto aliwataja katika karne ya 5 KK. Tunachokijua zaidi juu yao kimetoka ardhini. Kuanzia karne ya 8 KK hivi, katika kipindi ambacho wanaakiolojia hukiita Hallstatt, na hasa kuelekea mwisho wake, wakubwa wa kusini magharibi mwa Ujerumani na mashariki mwa Ufaransa walizikwa ndani ya vyumba vya mbao vilivyofunikwa kwa kilima kikubwa cha udongo, pamoja na gari la magurudumu manne na vyombo vya karamu. Makaburi mengi ya namna hiyo yaliibiwa zamani sana, pengine na watu waliomjua marehemu kwa jina. Yaliyofika kwetu bila kuguswa yanahesabika, na ndiyo haya tunayoyalinganisha.

Hochdorf na Stuttgart: marehemu mmoja, nyumba mbili

Naanza hapa kwa sababu hapa ndipo watu huchanganyikiwa zaidi. Kaburi ni moja, lakini makumbusho ni mawili, umbali wa kilomita 25 hivi kutoka moja hadi lingine. Makumbusho ya Hochdorf, katika kijiji cha Hochdorf kilichopo Eberdingen, yana nakala. Vitu halisi vipo Stuttgart, katika makumbusho ya jimbo yaliyomo ndani ya kasri la kale katikati ya jiji, Landesmuseum Württemberg.

Kilichoinusuru Hochdorf ni kilimo. Kilima kilikuwa na upana wa mita 60 na urefu wa takriban mita 6, lakini mvua na majembe vilikisawazisha karne baada ya karne hadi kikawa mwinuko tu shambani, na wezi hawakuwa na sababu ya kusimama hapo. Renate Leibfried, mwanamama aliyekuwa akijitolea kwa idara ya mambo ya kale, ndiye aliyeona mawe yasiyo ya kawaida yakiibuliwa na plau. Mwaka 1978 na 1979 mwanaakiolojia Jörg Biel akachimba.

Chini kulikuwa na chumba cha mbao za mwaloni ndani ya chumba kingine cha mbao, na nafasi katikati yake imeshindiliwa mawe. Ndani alilala mwanamume wa miaka 40 hivi, mrefu kupita mita 1.80, aliyezikwa karibu na mwaka 530 KK. Hakulazwa chini. Alilazwa juu ya kochi la bronzi lenye urefu wa mita 2.75, linaloshikiliwa na sanamu nane za wanawake walioinua mikono, kila mmoja amesimama juu ya gurudumu dogo, kwa hiyo kochi zima liliweza kusukumwa. Ng'ambo ya chumba lilikuwa gari la magurudumu manne lililofunikwa mabamba ya chuma, na juu yake sahani tisa. Ukutani zilitundikwa pembe tisa za kunywea, nane za ng'ombe mwitu na moja ya chuma yenye kubeba lita tano na nusu. Huhitaji kuuliza ile moja ilikuwa ya nani.

Miguuni pa kochi palikuwa na sufuria ya bronzi ya lita 500, kazi ya mafundi wa Kigiriki, na bakuli dogo la dhahabu la kuchotea. Chavua iliyobaki ndani yake ilionyesha kuwa sufuria ilitiwa kinywaji cha asali. Anayejua wanzuki wa Tabora ameshaelewa, ila afikirie wanzuki wa mapipa mawili na nusu.

Kuna jambo moja dogo ambalo kwangu linazidi sufuria hiyo. Viatu vya marehemu vilioza, lakini mapambo yake ya dhahabu yalibaki. Walipoyachunguza maumbo yake, wataalamu waligundua kwamba pambo la kiatu cha kulia liliwekwa kushoto, na la kushoto likawekwa kulia. Dhahabu hiyo haikuwa ya kuvaliwa na mtu aliye hai. Katika eneo la kilima yalipatikana mabaki ya karakana, dalili kwamba mapambo yalifuliwa palepale kwa ajili ya maziko. Ukiliangalia kosa hilo unawaona waombolezaji wenyewe, watu wenye mikono iliyotetemeka au waliokuwa wakiharakishwa na mtu, wakimvisha mkubwa wao kwa mara ya mwisho. Na humohumo kaburini, pamoja na dhahabu yote hiyo, waliweka pia kofia ya ganda la mti, ndoana za kuvulia samaki, kitana na kifaa cha kukatia kucha.

Sasa, uende wapi kati ya hizo nyumba mbili?

Hochdorf yenyewe ni makumbusho madogo, na ubora wake ni kwamba chumba cha kaburi kimejengwa upya kwa ukubwa wake, kila kitu mahali pake. Nakala zimetengenezwa zionekane kama siku ya maziko, si kama siku ya kuchimbuliwa. Hili ndilo watu hulikosea wanaposikia neno nakala. Bronzi mpya haina rangi ya kijani wala kahawia. Inang'aa karibu kama dhahabu. Vitambaa, ambavyo kaburini vilifunika karibu kila kitu na vikabaki vipande tu vilivyohifadhiwa na kutu ya metali, hapa vina rangi zake. Ukisimama mbele ya chumba hicho unaelewa kwa macho kwamba huyu mtu aliandaliwa ukumbi wa karamu na vyombo vya watu tisa, si sanduku la kuhifadhia mali. Nje kuna majengo ya Kikelti yaliyojengwa upya, kwa sababu makumbusho yalipokuwa yanajengwa yalifukuliwa mabaki ya makazi ya kale palepale. Kisha kuna kilima chenyewe, kilichorudishwa kimo chake, matembezi mafupi kupita mashambani.

Stuttgart inakupa kitu ambacho hakuna nakala inayoweza kukupa: uzito wa miaka. Kochi halisi lina mikunjo na mipasuko yake. Ukifika mbele ya sufuria, usishangae ukubwa ukaondoka. Ukingoni kuna simba watatu. Wawili ni wa fundi wa Kigiriki. Wa tatu ni wa fundi wa huku huku, aliyewekwa kujaza nafasi ya aliyepotea, na ukimkazia macho utamtambua. Fundi huyo wa Kikelti yaelekea hakuwahi kumwona simba akitembea, na mtu aliyekulia nchi zenye simba ana haki ya kumpa alama zake. Nyumba hiyohiyo ina sanamu ya jiwe ya Hirschlanden, iliyopatikana miaka ya 1960 kando ya kilima kingine si mbali na Hochdorf: mwanamume uchi, mwenye kofia ya pembetatu, pete nene ya shingo na jambia kiunoni. Kofia yake ni ya umbo lile la Hochdorf. Vitu hivyo viwili ukiviona siku moja vinazungumza.

Maoni yangu hayana unafiki: ukiwa na siku nzima, nenda Hochdorf asubuhi na Stuttgart mchana, kwa mpangilio huo. Ukianza Stuttgart utaona vioo vyenye vitu vizuri. Ukianza Hochdorf, ukifika Stuttgart utakuwa unamtembelea mtu unayemjua. Ukiwa na nusu siku tu na huna gari, baki Stuttgart, kwa sababu kijijini kunahitaji treni na kisha basi, na basi la kijijini halimsubiri mtu. Ukiwa na watoto, Hochdorf bila mjadala.

Vix: chombo kimoja kinachotosha safari

Châtillon-sur-Seine ni mji mdogo wa Burgundy, Ufaransa, na makumbusho yake, Musée du Pays Châtillonnais, yamo ndani ya majengo ya abasia ya zamani. Ukweli ni kwamba watu huenda huko kwa ajili ya kitu kimoja.

Mwezi Januari 1953, chini ya mlima Lassois, kwenye kijiji cha Vix, René Joffroy na mwenzake Maurice Moisson walikuwa wakichimba shamba lililokuwa limesawazishwa kama lile la Hochdorf. Walikuta chumba kilichoporomoka, na ndani yake chombo cha bronzi cha kuchanganyia mvinyo na maji, kimebonyea kwa uzito wa mawe. Kilipokarabatiwa kilisimama mita 1.64, kilo 208, chenye kubeba lita 1,100. Hakuna chombo cha bronzi kikubwa kuliko hicho kilichotufikia kutoka ulimwengu wa kale wa Wagiriki na Warumi.

Mtu wa kawaida akisimama kando yake, ukingo unamfikia puani. Shingoni kuna mstari wa askari wa miguu wa Kigiriki na magari ya farasi, wakifuatana kuzunguka chombo chote. Askari hao walitengenezwa mmojammoja na kisha kubandikwa, na mafundi waliandika herufi za Kigiriki kwenye sanamu na kwenye chombo ili kila mmoja arudi mahali pake. Maana yake, chombo kilisafiri kikiwa vipande, na mtu wa upande wa pili alikuwa na maagizo ya kukiunganisha. Mikono yake miwili ina nyuso za kutisha za Gorgoni, zimwi la kike la hadithi za Kigiriki. Kifuniko kina matundu ya kuchujia, na katikati amesimama mwanamke mdogo mtulivu, kana kwamba makelele yote hayo ya chini hayamhusu.

Aliyezikwa hapo alikuwa mwanamke, karibu mwaka 500 KK, na hakuwa kijana wala mzee. Alilazwa juu ya sanduku la gari. Magurudumu manne yalikuwa yameng'olewa na kuegemezwa ukutani. Shingoni alikuwa na pete ya dhahabu ya gramu 480 yenye farasi wadogo wenye mabawa kwenye ncha zake. Kwa kuwa ilipatikana karibu na fuvu, mwanzoni ilidhaniwa kuwa taji. Hapakuwa na silaha. Kwa miaka mingi wapo wataalamu waliopata tabu kukubali kwamba utajiri huo wote ni wa mwanamke, wakatafuta maelezo mengine, na ukisoma hoja zao leo unaona zaidi wasiwasi wa zama zao kuliko mifupa ya Vix.

Mvinyo na chombo cha Kigiriki vilifikaje juu huko? Wagiriki walianzisha Massalia, Marseille ya leo, karibu mwaka 600 KK, na bidhaa zao zilipanda kaskazini kwa kufuata mabonde ya mito. Mlima Lassois ulikaa pale ambapo njia hizo zinakutana na mto Seine. Aliyekuwa na mlima alikuwa na njia, na mwenye njia hupata zawadi. Mtu wa pwani yetu, ambaye miji yake ya kale ilikula na kuvaa kwa biashara ya upepo wa kaskazi na kusi, hatahitaji kuambiwa mara mbili.

Ukilinganisha na Hochdorf, Vix inashinda kwa vitu halisi na inashindwa kwa kaburi. Vitu vyote vikubwa vipo hapo, halisi, mahali pamoja, kilomita chache kutoka vilipotoka, na si katika mji mkuu wa mbali. Nalipenda hilo. Lakini chombo kinakula macho yako yote. Utatoka ukiwa unamkumbuka Gorgoni, si mwanamke. Ili kumpata mwanamke lazima upande mlima Lassois wenyewe, uliko kanisa la Saint-Marcel juu yake, uangalie bonde, kisha ujiulize ni mtu wa namna gani aliyeagiza kitu ambacho hakiwezi kupita mlango wa kawaida. Tangu mwaka 2019 taasisi ya akiolojia ya Ufaransa, Inrap, ilirudi kuchimba eneo la kilima upya, kwa hiyo maelezo ya miongozo ya zamani uyasome kwa tahadhari.

Usafiri ndio mtihani. Treni za kasi kati ya Paris na Dijon husimama Montbard, na kutoka hapo ni barabara. Bila gari, utapanga siku yako kufuata basi. Mwenye gari ataona njia nzuri na mashamba mapana. Kama unapita tu Paris kwa siku mbili, sikushauri. Kama vyombo vya kale vya Kigiriki vinakugusa, basi nenda hata kwa basi.

Glauberg: panapokaribia kukupa vyote

Ukiniambia una siku moja tu na uko karibu na Frankfurt, nakupeleka Glauberg bila kufikiri sana. Ni kilomita 40 hivi kaskazini mashariki mwa jiji, jimbo la Hesse. Kilima kiligunduliwa mwaka 1987 kwa picha zilizopigwa kutoka angani, kikachimbwa kati ya 1994 na 1997. Makaburi yake ni ya karne ya 5 KK, yaani vizazi kadhaa baada ya Hochdorf, na mtindo umeshabadilika: michoro inajipinda, nyuso zinajificha ndani ya majani, wanyama wanatazama nyuma.

Sanamu ndiyo nyota. Iliibuka mwaka 1996 ikiwa karibu kamili, imekosa nyayo tu: jiwe la mchanga, mita 1.86, kilo 230. Mwanamume mwenye deraya, ngao na upanga, na kichwani kitu kama majani mawili makubwa yaliyosimama kama masikio. Watoto hucheka, na mimi siwalaumu. Lakini tazama shingo yake. Amevaa pete yenye vipambo vitatu vinavyoning'inia. Sasa nenda kwenye kioo chenye vitu vya kaburi la kwanza: pete ya dhahabu, vipambo vitatu vinavyoning'inia. Ni mara chache sana akiolojia ya Ulaya ya kale kukupa sura ya mtu na vitu vyake mwilini namna hiyo. Hochdorf ina mtu bila sura. Hirschlanden ina sura bila mtu. Hapa vimekutana.

Kuna pia birika la bronzi lenye mdomo mrefu uliochongoka, na ukingoni wamekaa viumbe wadogo kuzunguka mtu aliyeketi. Nalo lilikuwa na kinywaji cha asali. Simama hapo dakika kumi. Kazi yake ni ndogo na inahitaji jicho la karibu.

Jengo la makumbusho, lililofunguliwa mwaka 2011, ni sanduku refu la chuma chenye kutu ya makusudi, limechomoza kutoka mlimani, na dirisha lake kubwa linatazama kilima moja kwa moja. Unageuza shingo tu: dhahabu huku, kaburi kule. Kilima kimejengwa upya, na kutoka kwake inatoka njia ya maandamano ya mita 350 iliyobanwa na mitaro miwili. Kando kuna nguzo za mbao zilizosimamishwa upya pale palipokuwa na mashimo ya nguzo. Wapo wanaosema ilikuwa kalenda ya jua na mwezi, na wapo wasiokubali kabisa. Soma kibao, kisha jiamulie.

Upungufu wake? Chumba cha kaburi hakikusimulii maziko kama kinavyokusimulia cha Hochdorf. Na kwa ukubwa wa hazina, Vix iko juu. Glauberg inashinda kwa wastani, kama mwanafunzi asiyekuwa wa kwanza katika somo lolote lakini anaongoza darasa.

Na wasio wakubwa?

Makaburi yote matatu ni ya watu wa juu. Anayetaka kujua watu wa kazi walizikwaje aende Austria. Hallstatt, kijiji kilichokipa kipindi kizima jina lake, kina mgodi wa chumvi wa kale na makaburi ya jamii iliyouchimba. Johann Georg Ramsauer, msimamizi wa mgodi, alifukua makaburi 980 kati ya 1846 na 1863, akahakikisha kila moja linachorwa kwa rangi za maji. Kwa wakati wake hilo lilikuwa jambo la ajabu. Mifupa ya hapo inaonyesha misuli iliyotumika kupita kiasi: wanaume kwa kupiga sururu, wanawake kwa kubeba mizigo. Hawakuwa maskini, lakini, kwani baadhi ya makaburi yana bronzi nyingi, na upanga mmoja una mpini wa pembe ya ndovu uliopambwa kwa kaharabu.

Hapa tena kuna nyumba mbili. Vitu vikubwa vya makaburi vipo Vienna, katika Naturhistorisches Museum, pamoja na mkoba wa ngozi wa kubebea chumvi uliotengenezwa umwagwe bila kuvuliwa mgongoni. Kijiji chenyewe kina makumbusho madogo, bonde la makaburi juu, na ziwa ambalo utalivuka kwa boti kutoka kituo cha treni. Pana msongamano wa watalii wa kuchosha. Kwa makaburi peke yake, Vienna inatosha. Kijiji nenda kwa ajili ya mgodi na mlima.

Asiyependa kuona mifupa ya watu ajue kwamba Hallstatt ina chumba cha kanisa chenye mafuvu yapatayo 1,200, mengi yamechorwa maua na majina. Si ya Wakelti, ni ya wanakijiji wa karne za karibuni, waliohamishwa kwa sababu makaburi yalijaa. Mtanzania au Mkenya anaweza kuwa na sababu zake za kusita mbele ya mafuvu yaliyopangwa kwenye rafu: mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba uchunguzi wa vinasaba umewapata ndugu walio hai nchini Tanzania wa watu ambao mafuvu yao yalichukuliwa enzi za ukoloni. Tofauti ni kwamba ya Hallstatt yaliwekwa na jamaa zao wenyewe, na majina yao yameandikwa. Ila kama moyo haupendi, pita nje.

Kabla ya kukata tiketi

Viza moja ya Schengen inatosha kwa nchi zote tatu, kwa hiyo anayekuja kutoka Afrika Mashariki anaweza kuunganisha Frankfurt, Stuttgart na Burgundy katika safari moja kwa treni au gari. Vienna iko mbali kidogo na mstari huo. Ihesabu peke yake.

Maelezo ya vibaoni mengi ni ya lugha ya nchi husika. Programu ya kutafsiri kwa kamera ya simu itakusaidia, ila pakua lugha kabla, mtandao wa vijijini si wa kutegemea. Anayesoma Kijerumani kidogo atafaidi Hochdorf na Glauberg zaidi kuliko Vix, ambako chombo kinajisemea.

Angalia siku. Ujerumani makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, yakiwamo ya Hochdorf na Stuttgart, na ya Vienna hufungwa Jumanne. Majira ya baridi makumbusho madogo hupunguza saa, kwa hiyo thibitisha kwenye tovuti yao wiki ileile unayokwenda. Ikitokea umebakiwa na Jumatatu tu, usikae hotelini: vilima vya Hochdorf na Glauberg viko uwanjani, havina mlango wala mlinzi wa tiketi, na unaweza kuvizunguka hadi jua lizame.